Mawe matatu yaliyoyashinda manne

Redio ya baba ilikuwa na tabia moja ya kuudhi: ilikuwa inakata penye goli.

Sitanii. Mtangazaji akiongea kwa sauti yake ya kawaida, nani kampa nani, mpira umetoka, mpira umerushwa, redio inasikika vizuri kabisa. Barazani kwetu Muheza wamejaa watu, wengine wamekalia kreti za soda, wengine mkekani, watoto tumebanana mlangoni. Mpira unaingia eneo la hatari, mtangazaji anapandisha sauti, uwanja unalipuka, na hapo hapo redio inakoroma, inameza maneno, kimya. Baada ya sekunde chache inarudi, mtangazaji ameshatulia, mpira unaanzishwa kati. Nani kafunga? Hakuna ajuaye. Simba na Yanga, halafu nusu ya baraza inashangilia goli ambalo huenda wamefungwa wao.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 90, enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na redio yetu ilikuwa inakula mawe manne makubwa. Kwa msomaji aliyezaliwa na chaja mkononi: mawe ni betri kavu, zile za mviringo za tochi, moja volti 1.5. Manne yakipangana kitako kwa kichwa yanatoa volti 6. Mawe yalikuwa ghali kwa mfuko wa baba, kwa hiyo hakununua manne kwa mpigo. Alinunua mawili, au matatu kama amevuna vizuri, na lile la nne akalirudisha lile lile la zamani. "Hili bado zima," anasema, akilipima uzito kiganjani kama anayechagua embe.

Na yale yaliyochoka tuliyatibu. Kila nyumba ilikuwa na tiba yake. Kuna waliokuwa wanayagonga sakafuni, kuna waliokuwa wanayang'ata mpaka yanaacha alama za meno, na wengi wetu tuliyaanika juu ya bati tangu saa nne asubuhi ili jioni yasikilizike. Yakishindikana kabisa yalikwenda shuleni: tuliyapasua, ule unga mweusi wa ndani tukausaga na majani, tukapakia ubao. Viganja vilibaki vyeusi siku mbili.

Siku moja baba alichoka kukosa magoli, akanituma na yeye mwenyewe akanifuata, tukaenda kwa fundi redio sokoni. Kibanda chake kilikuwa na harufu ya lehemu na magamba ya machungwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekufa au inaumwa?"

Baba akaeleza habari za magoli. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alitoa mawe, akayapima moja moja kwa mita yake ya mshale. Matatu yalikuwa mapya, mshale ukapanda mpaka 1.5. La nne likasoma 1.2 hivi.

"Si zima hilo?" baba akauliza. "Pungufu kidogo tu."

"Limelala, mzee. Aliyelala humjui kama mvivu. Mpe jembe."

Akachukua bolti nene, akaipiga msasa ncha zote mbili mpaka ikang'aa, akaongeza nati hadi urefu ukalingana na jiwe, akaitia pale lilipokuwa lile la nne. Akawasha. Akazungusha sauti mpaka mwisho. Redio ikapiga kibanda kizima kikatikisika, na haikukata. Mawe matatu na kipande cha chuma yalikuwa yameyashinda mawe manne. Lile jiwe la zamani fundi akalitupia kwenye kopo lake chini ya meza, akachukua hela kidogo, tukaondoka. Njia nzima baba hakusema neno.

Nilikaa na kitendawili hicho miaka mingi, na kilichoniudhi baadaye ni kwamba jibu nilifundishwa darasani na sikulitambua. Sekondari tulisoma fizikia kwa Kiingereza. Tuliimba kanuni kama kasida: volteji ni mkondo mara ukinzani, rezista za mfululizo jumlisha, za sambamba pindua, jumlisha, pindua tena. Kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne tuliunga sakiti, tukabadilisha ukinzani, tukasoma ampea, tukachora grafu ya moja gawanya kwa mkondo dhidi ya ukinzani, tukarefusha mstari kurudi nyuma mpaka ukakata mhimili upande wa hasi, tukaandika "ukinzani wa ndani wa seli ni kadhaa". Nilipata alama zangu zote. Wala sikujiuliza hata mara moja kama hiyo "seli" ndiyo lile jiwe la kwenye kopo la fundi.

Nianze na yale ambayo kitabu kinasema, maana ni ya kweli, ila si yote.

Chukua rezista mbili, yaani vipande vinavyoukinza mkondo wa umeme, ya omu 10 na ya omu 20 (omu ni kipimo cha ukinzani, ampea ni cha mkondo). Zipange kwa mfululizo, au sirisi kama wasemavyo mafundi, kisha uziunge kwenye volti 6. Njia ni moja, kwa hiyo mkondo ni mmoja: volti 6 kwa omu 30, ampea 0.2. Kinachopita kwenye ya kwanza ndicho kinachopita kwenye ya pili, na ndicho kinachorudi kwenye betri. Mimi niliamini muda mrefu kwamba rezista ya kwanza inakula mkondo na ya pili inaachiwa makombo. Niliwahi hata kubishana na mwenzangu kwamba taa iliyo karibu na upande wa chanya lazima iwake zaidi. Tukazibadilishana nafasi, hakikubadilika kitu. Mkondo hauliwi njiani. Kinachogawanywa kwenye mfululizo ni volti, na kila mmoja anapata kwa kadiri anavyokinza: ya omu 10 inashika volti 2, ya omu 20 inashika volti 4.

Sasa zipange sambamba, yaani paraleli. Kila moja inashika ncha mbili zile zile za betri, kwa hiyo kila moja inapata volti 6 kamili bila kumjali mwenzake. Kinachogawanyika sasa ni mkondo: ampea 0.6 kwa ile ya omu 10, ampea 0.3 kwa ile ya omu 20. Betri inatoa jumla ya ampea 0.9, kana kwamba imeungwa kwenye omu 6.67 tu. Hapo ndipo darasa letu lilipogoma. Umeongeza rezista, ukinzani ukapungua? Mwalimu alirudia kupindua na kujumlisha ubaoni, hesabu ikatoka, tukanyamaza bila kuridhika. Angetwambia tu kwamba tumeongeza mlango. Ukumbi wa harusi wenye mlango mmoja, ukiufungulia wa pili, hata uwe mwembamba kuliko wa kwanza, watu watatoka upesi zaidi.

Mjerumani Gustav Kirchhoff aliyafunga haya yote kwenye sheria mbili mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi, umri miaka 21: mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na ukizunguka sakiti nzima mpaka ulipoanzia, volti zilizopanda zinalingana na zilizoshuka. Hakuna mchoro wa rezista utakaozishinda sheria hizo.

Tatizo liko kwenye mchoro wenyewe. Ubaoni betri ni mistari miwili, mrefu na mfupi. Waya ni mstari ulionyooka. Rezista peke yake ndiyo yenye meno na namba juu yake. Tukajifunza, bila yeyote kututamkia, kwamba ukinzani unakaa kwenye rezista tu, na kwamba betri ya volti 6 ni volti 6 asubuhi na jioni, uifanyie utakalo. Kwa mchoro ule, mawe matatu na bolti hayawezi kuyashinda manne hata iweje.

Aliyekuja kunifungua macho ni Ohm mwenyewe, Georg Simon Ohm, yule tuliyeimba kanuni yake. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani. Alipoanza majaribio yake, karibu mwaka 1825, alitumia betri za kemikali za wakati ule na zilimsumbua kama mawe ya baba yalivyotusumbua: akiunga tu, nguvu inashuka, akiacha, inarudi, vipimo havitulii. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, akamshauri aachane nazo, atumie jozi ya metali mbili, bismuthi na shaba, kiungo kimoja kikae kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Chanzo hicho kinatoa umeme kutokana na tofauti ya joto; kina nguvu ndogo sana lakini kimetulia, kwa sababu barafu na maji yanayochemka hayabadilishi joto lake. Akaunga waya za shaba za urefu mbalimbali, akapima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa, na mwaka 1826 akapata kanuni. Kitabu kikafuata mwaka 1827.

Lakini kanuni aliyoiandika mwanzo haikuwa ile tunayoiimba. Aliandika kwamba nguvu ya mkondo ni sawa na a gawanya kwa jumla ya b na x. Hapo x ni urefu wa waya anaoupima, a inategemea chanzo, yaani tofauti ya joto. Na b? Hiyo b ni ukinzani wa vitu vingine vyote vilivyobaki kwenye sakiti: chanzo chenyewe, waya za kuungia, viungo. Ohm hakuweza kuidharau, maana ilikuwa mbele yake kila anapopima. Sisi tulipopewa kanuni hiyo shuleni, b ilikuwa imeshatupwa njiani. Nadhani hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo maana naandika makala hii.

Turudi kwa fundi, safari hii tukiwa na b mkononi.

Jiwe jipya lina volti 1.5 na ukinzani wake wa ndani ni mdogo, tuseme nusu omu. Jiwe lililochoka ni jambo jingine. Zinki yake imelika, rojo ya ndani imekauka, na ukinzani wake umepanda. Tuseme umefika omu 10. Volti yake kwenye mita bado ni 1.2, kwa sababu mita inavuta mkondo mdogo sana, na pasipo mkondo ukinzani hauli volti. Hilo ndilo fundi alilokuwa anasema kwa habari ya aliyelala na jembe.

Redio nayo si rezista ya kudumu. Ikisema polepole inavuta mkondo mdogo, ikipiga kelele inavuta mwingi. Tuichukulie kama omu 60 mtangazaji anapoongea kwa utulivu, na omu 15 penye goli. Ni namba za mfano, si za vipimo vya siku ile, lakini mwendo wake ndio huo huo.

Kwa mawe manne, moja likiwa bovu, jumla ya nguvu ni volti 5.7, na ukinzani uliofichika ndani ya mawe ni omu 11.5. Wakati wa utulivu mkondo ni 5.7 gawanya kwa 71.5, karibu ampea 0.08, na redio inapata volti 4.78. Inaimba vizuri. Kwa mawe matatu na bolti, nguvu ni volti 4.5, ukinzani uliofichika ni omu 1.5, na redio inapata volti 4.39. Manne yanashinda. Baba alikuwa na haki ya kusema jiwe lake zima.

Halafu goli linaingia. Redio inashuka kutoka omu 60 hadi 15. Mawe manne: 5.7 gawanya kwa 26.5, ampea 0.215, na redio imebakiwa na volti 3.23. Inakoroma, inakata. Mawe matatu na bolti: 4.5 gawanya kwa 16.5, ampea 0.27, na redio bado ina volti 4.09. Inaendelea kupiga kelele pamoja na uwanja.

Mara ya kwanza nilipozipata namba hizi nilizirudia mara tatu. Angalia tu lile jiwe la nne penye goli. Lenyewe lina volti 1.2, lakini ampea 0.215 zikipita kwenye omu 10 zake za ndani zinakula volti 2.15. Kutoa hiyo kwenye 1.2, kwenye ncha zake inabaki hasi 0.95. Yaani wenzake watatu wanasukuma, na lenyewe si kwamba halisukumi, linaburuzwa. Na kwa kuwa zote ziko kwenye mfululizo, hakuna njia ya kumpita mgonjwa pembeni. Mkondo wote wa redio lazima upite tumboni mwake.

Mpaka wenyewe unapatikana kwa hesabu ya dakika mbili: redio ikiwa omu 36, manne na matatu yanatoka sare. Juu ya hapo weka jiwe, chini ya hapo weka bolti. Fundi yule hakuwa na haja ya hesabu hiyo. Alijua swali lenyewe ni redio inafanya nini inapokata.

Na kuanika? Kulikuwa na maana yake, japo si ile tuliyoidhani. Jua halikurudisha kitu kilicholiwa ndani ya jiwe. Joto linachangamsha kemikali zake kwa muda, ukinzani wa ndani unashuka, na kule kupumzika mchana kutwa kwenyewe kunasaidia. Tulikuwa tunapunguza b. Kung'ata sikuwahi kukuelewa, na ushauri wangu ni usiweke mdomoni kitu kinachovuja.

Ingawa mafundi wana ujasiri wao. Yule wetu alikuwa anapima jiwe la mraba la volti 9 kwa kulilamba: likiuma ulimi sawasawa ni zima, likiwasha kidogo limechoka. Usicheke. Karne ya 18 huko Uingereza Henry Cavendish, mtu tajiri na mwanasayansi wa kuheshimika, alikuwa anapima umeme kwa mwili wake, akilinganisha mshtuko huu na ule, na kwa njia hiyo akakaribia kuijua kanuni ya Ohm kabla Ohm hajazaliwa. Hakuchapisha. Maandishi yake yalikuja kutolewa na James Clerk Maxwell mwaka 1879, Ohm akiwa ameshakufa miaka 25.

Kwenye kibanda kile kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukielewa mpaka ukubwani: ubao wenye holda ya balbu ya wati 100 na soketi, vimeungwa sirisi. Redio ya umeme au televisheni ikitoka kutengenezwa haikuchomekwa ukutani moja kwa moja. Ilichomekwa kwanza hapo. Kama ndani kuna shoti, kifaa kina ukinzani karibu na sifuri, basi volti zote 230 zinaangukia kwenye balbu, inawaka kwa nguvu, na mkondo hauwezi kuzidi ule wa balbu, chini ya nusu ampea. Hakuna kinachoungua. Kama kifaa ni kizima na hakivuti sana, balbu inafifia, volti nyingi zinabaki kwa mgonjwa. Ndiyo ile ile hesabu ya omu 10 na omu 20, ila imetundikwa ukutani na inasoma kwa mwanga. Sijaona kifaa cha maabara kinachofundisha mgawanyo wa volti vizuri kuliko ubao huo, na bei yake ni balbu na kipande cha mbao.

Mimi sikuwa fundi. Nimeajiriwa ofisini. Lakini b haikuniacha, ilinifuata mpaka jikoni.

Nyumba zetu zimeungwa sambamba. Kila soketi inapewa volti 230 ile ile, na kila kifaa kinavuta mkondo wake. Birika la wati 2,000 ni rezista ya omu 26 na nusu hivi, linavuta ampea 8.7. Taa ya LED ya wati 10 inavuta ampea 0.04. Kitabu kinasema havisumbuani. Siku moja soketi ya jikoni ilianza kunuka. Nikachomeka taa ya mezani, ikawaka vizuri, nikatangaza mbele ya mke wangu kwamba soketi ni nzima. Jioni ile plagi ya birika ikayeyuka, na rangi ya ukuta ikawa kahawia kiasi cha kiganja.

Kilichokuwepo ni skrubu iliyolegea nyuma ya soketi. Kiungo kilicholegea ni rezista, na iko kwenye mfululizo na chochote utakachochomeka. Tuseme ilikuwa omu 2. Taa ya mezani ikipita hapo, ampea 0.04 mara omu 2, haifiki hata sehemu ya kumi ya volti. Huwezi kuiona. Birika likipita hapo, mkondo ni 230 gawanya kwa omu 28 na nusu, ampea 8.1, na kiungo kile kinakula volti 16. Wati 131. Chuma cha kulehemu cha fundi ni wati 40 au 60. Nilikuwa nimewasha vyuma viwili au vitatu vya kulehemu ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya haragwe, na kuvifunika kwa plastiki.

Kilichonitia baridi ni kwamba swichi ya kukata umeme haikushtuka, na haikukosea. Kiungo kibovu kilikuwa kimeupunguza mkondo, kutoka ampea 8.7 hadi 8.1. Swichi inakata mkondo ukizidi. Hapa ulipungua. Kwa hiyo plagi ikiwa ya moto mkononi, usingoje swichi ikwambie kitu. Zima, ita fundi akaze.

Hata ule usemi kwamba vilivyo sambamba havisumbuani unashika tu pale b inapokuwa ndogo. Mwenye simtanki nyumbani anajua: unaoga, mtu anafungua bomba la jikoni, maji ya bafuni yanakuwa ya kudondoka. Mabomba mawili yako sambamba, ndiyo, lakini yote mawili yananyonya kwenye bomba moja linaloshuka kutoka kwenye tanki, na bomba hilo liko mfululizo na wote. Likiwa nene hamtagundua. Likiwa jembamba mtagombana. Waya unaotoka kwenye transfoma hadi mtaa wa mwisho ni bomba hilo. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea akishusha fimbo yake, taa za nyumba zote za baada yake zinapepesa, na watu wanasema umeme ni mdogo leo. Umeme wa kwenye transfoma pengine haujabadilika. Volti zimeliwa njiani.

Siku hizi naulizwa zaidi habari za sola. Mtu ana betri kubwa ya sola, ile ya N100, ya miaka minne, ananunua nyingine mpya, anaziunga sambamba, anategemea mwanga mara mbili. Ile ya zamani inatulia kwenye volti ndogo kidogo, kwa hiyo mpya inaanza kuijaza ile ya zamani usiku kucha, taa zikiwa zimezimwa. Akiziunga mfululizo kwa ajili ya mfumo wa volti 24, anarudi kwenye redio ya baba. Jibu langu ni fupi: nunua mbili zinazofanana siku moja, au baki na moja.

Desemba iliyopita tulikwenda Muheza. Redio ile ipo, imepasuka kona moja, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na baba bado anailisha mawe ingawa umeme upo ukutani. Nilikuwa na multimita ya dijitali kwenye begi. Nikanunua mawe matatu mapya, nikaokota moja kwenye kopo lake la mawe ya zamani (bado anayaweka, hatupi kitu), nikakata vipande vya karatasi ya bati ya chokoleti nikavipenyeza kati ya mawe ili nipate pa kushikia. Nikamkabidhi binti yangu nyaya mbili za mita azishike kwenye ncha za lile bovu.

Redio ikiwa imezimwa, ikasoma 1.19.

Baba akatikisa kichwa. "Si zima hilo?"

Nikawasha, polepole. Ikasoma 0.4 na kitu. Nikazungusha sauti mpaka mwisho, kwaya ya kanisa fulani ikajaa sebuleni, kisha ikaanza kukoroma kama zamani zile.

"Babu," binti akasema, "imeweka alama ya kutoa. Kutoa nukta sita. Sasa kutoa nukta nane."

Baba akavaa miwani, akainama, akaitazama ile alama muda mrefu. Nikamweleza, bila namba, kwamba jiwe hilo linaburuzwa na wenzake, na ndiyo maana yule fundi alilitoa akaweka bolti.

"Kwa hiyo alikuwa sahihi."

"Alikuwa sahihi, baba."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Mimi miaka yote hii," akasema, "nilijua kaniibia jiwe."